Ulale Wapi Ukija Mombasa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Likizo za shule zikikaribia, simu huanza kuita. Jamaa wa Nakuru, rafiki wa Kisumu, binamu aliyeoa Dodoma, wote wana swali moja: tunakuja Mombasa, tulale wapi? Nami huwauliza kwanza watavuka maji mara ngapi kwa siku, na wapi. Mgeni akilijua hilo, mengine yote huwa mepesi kuyapanga. Haya hapa maswali yanayokuja baada ya hilo, pamoja na majibu ninayowapa watu wangu mwenyewe.

Mombasa ni kisiwa. Nikilala kisiwani si nitakuwa ufuoni?

Hapana, na hapa ndipo wageni wengi wanapokosea hesabu. Kisiwa cha Mombasa ni mji. Upande mmoja kuna bandari ya Kilindini, upande wa pili hori ya Tudor, na katikati ni maduka, misikiti, shule, ofisi na nyumba za watu. Pale kisiwa kinapotazamana na bahari kuu, kule Kizingo na Mama Ngina, utakuta majabali ya matumbawe yanayopigwa na mawimbi. Jioni panapendeza sana. Familia huketi kutazama meli zinavyoingia mlango wa bandari, muuzaji wa mihogo anaipasua katikati, anapaka pilipili na kukamulia ndimu, na dafu liko kando. Ila si mahali pa kutandika taulo na kuogelea. Ule mchanga mweupe uliouona pichani uko bara: kaskazini ukivuka daraja la Nyali, au kusini ukivuka Likoni.

Kwa hivyo mtu akikuambia amekupatia chumba "Mombasa, karibu na bahari", bado hajakuambia kitu. Muulize ni upande gani wa maji. Ukilala Ganjoni, mtaa wa kisiwani, utakula vizuri na utafika ngome ya Fort Jesus kwa miguu au kwa tuktuk ya bei ndogo, lakini kila ukitaka kuogelea ni safari. Ukilala Bamburi utaamkia ufuo, lakini mji utakuwa ng'ambo ya daraja, na daraja hilo asubuhi hufurika magari yanayoingia kisiwani na jioni yanayotoka. Chagua kwa kufuata jambo utakalolifanya kila siku. Fort Jesus utaizuru mara moja, bahari watoto wataidai kila asubuhi.

Basi niende kaskazini au kusini?

Kaskazini ukishuka daraja unaingia Nyali, kisha Bamburi, kisha Shanzu, na ukivuka hori ya pili uko Mtwapa, ambayo tayari ni kaunti ya Kilifi. Nyali ina kila kitu karibu: supamaketi, hospitali, mikahawa, mitaa tulivu yenye miti. Bamburi imechanganyika zaidi. Kuna hoteli kubwa kubwa, kuna fleti za kukodi kwa siku, na kuna ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ambao wenyeji tunauita Pirates. Jumapili na siku za Idd hapo Pirates hujaa watu, maboya ya kukodi, ngamia na watoto wanaojifunza kuelea. Ukipenda uchangamfu, lala karibu. Ukitaka kusikia mawimbi peke yake, sogea hadi Shanzu. Mtwapa ni mji wa usiku; nyumba ni za bei nafuu, lakini uliza kama dirisha la chumba linatazama barabara kuu au kilabu, kwa sababu huko muziki huendelea hadi alfajiri.

Kaskazini pia ndiko kuliko hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, inayoanza mbele ya fuo hizo hizo, na Haller Park, msitu uliopandwa juu ya machimbo ya zamani ya kiwanda cha simiti. Familia isiyo na gari ina ya kufanya hata siku ya mvua.

Kusini ni habari nyingine. Ukishavuka Likoni kuna Shelly, kisha Tiwi, na kama kilomita 30 kutoka kwenye feri ndiyo Diani, katika kaunti ya Kwale. Mchanga wa Diani ni laini kama unga wa ngano na ufuo ni mrefu, mtu hutembea asubuhi nzima bila kuumaliza. Bado kuna mabaki ya msitu wa pwani nyuma ya hoteli, na humo wanaishi mbega weusi wenye mabega meupe. Wapo pia tumbili, na hao hawana haya. Ukiacha ndizi mezani na dirisha wazi, utarudi ukute maganda.

Mimi nashauri hivi: anayekuja mara ya kwanza kwa siku chache, akitaka mji na bahari pia, alale Nyali au Bamburi. Anayetaka bahari na usingizi, basi, aende Diani akae huko huko, wala asipange kuingia mjini kila siku. Tiwi ni kuzuri na kimya kuliko zote, lakini bila gari lako utajihisi umefungiwa.

Feri ya Likoni inasumbua kweli kama watu wanavyosema?

Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Kinachokula muda ni foleni. Feri hufanya kazi mchana na usiku, wanaotembea kwa miguu hawalipi, magari hulipa. Matatu hazivuki. Utashuka upande wa kisiwani, uteremke na mizigo kwenye ule mteremko pamoja na umati, uvuke, upande tena, ndipo upate gari la Ukunda, mji ulio karibu na Diani. Kijana mwenye begi la mgongoni hatahisi kitu. Mama mzee mwenye goti bovu na sanduku la magurudumu atateseka, hasa jioni wafanyakazi wanaporudi makwao Likoni.

Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, inayotokea Miritini na kupita juu ya maji hadi Kibundani upande wa kusini. Ukitoka uwanja wa ndege au stesheni ya treni ya SGR kwa gari, unafika Diani bila kugusa kisiwa wala feri. Kama mwenye nyumba wa Diani bado anakuambia lazima uje hadi Likoni upange foleni, mwambie dereva azungukie Dongo Kundu.

Nikifika kwa treni au kwa ndege, nitakuwa wapi?

Hutakuwa kisiwani. Stesheni ya SGR iko Miritini na uwanja wa ndege wa Moi uko upande wa Port Reitz, zote bara ya magharibi. Kufika Nyali au Bamburi kutoka huko ni kupenya mji mzima, basi hesabu nauli hiyo kabla hujafurahia chumba cha bei ya chini. Tangu mwaka 2024 tikiti ya kawaida ya treni kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500, na watu wengine hulipa zaidi ya hapo kwa teksi ya kutoka Miritini hadi mlangoni.

Angalia na saa. Treni ya usiku hukushusha kabla ya jua kuchomoza, na hoteli nyingi hazitoi chumba mpaka saa nane mchana. Piga simu siku moja kabla, uliza kama utaruhusiwa kuacha mizigo na kuoga. Wanaolala Diani wanaweza kuruka kutoka Nairobi moja kwa moja hadi kiwanja kidogo cha Ukunda, dakika chache tu kutoka ufuoni.

Mji wa Kale pana mahali pa kulala? Panafaa?

Papo, na kwa mtu anayependa mji wenye watu wake, hakuna mahali pengine Mombasa ninapopapenda kuliko hapo. Ni nyumba za zamani zilizogeuzwa kuwa gesti: kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ya boriti, roshani ya mbao inayoning'inia juu ya kichochoro. Ngazi zake ni nyembamba na kali. Vyumba vya juu hupata upepo wa bahari, vya chini huwa na giza na joto, kwa hivyo omba cha juu ikiwa miguu yako inaruhusu.

Alfajiri utaamshwa na adhana, kwanza msikiti mmoja, kisha wa pili, kisha yote kwa pamoja. Msikiti wa Mandhry umekuwa hapo tangu 1570, kabla Wareno hawajaanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593. Ukiona hutaweza kurudi kulala baada ya adhana, heri ujue sasa. Ukishaamka, toka nje: mahamri ya moto na mbaazi za nazi, na jioni muuza kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe. Kahawa ni chungu, ndiyo maana inaendana na kashata au halwa. Marikiti ya viungo iko umbali wa kutembea.

Gari haliingii vichochoroni. Tuktuk itakuacha kwenye mdomo wa mtaa na utabeba begi lako mwenyewe. Huu ni mtaa wa Waislamu na wa familia, hivyo nguo za ufuoni ziache ufuoni, pombe usiitafute, na ukitaka kumpiga mtu picha muombe kwanza. Ukisalimia watu wa barazani kila unapopita, siku ya pili utaitwa kwa jina. Wakubwa waamkie kwa shikamoo, nao watakuitikia marahaba kwa furaha.

Nililipia chumba kinachotazama bahari. Asubuhi nikafungua dirisha, maji hakuna! Nimeibiwa?

Hujaibiwa, maji yamekupwa. Pwani yetu ina mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuo. Ndani ya mwamba huo maji ni ya kina kifupi, na yakipwa sana yanabaki mawe, mwani, madimbwi na mashua zilizolala ubavu kwenye mchanga. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Kwa Mombasa siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, wakati ule ule mgeni ameshakunywa chai na amevaa nguo za kuogelea. Yatajaa tena karibu saa kumi alasiri. Kila siku hubadilika kwa takriban dakika 50, na mwezi ukiwa nusu, wakati wa maji mafu, tofauti huwa ndogo na unaweza kuogelea karibu saa zote.

Kwa nini hili lihusu mahali pa kulala? Kwa sababu fuo hazifanani. Kuna sehemu za Nyali na Diani ambapo maji yakipwa bado unapata mahali pa kujitosa ukitembea kidogo. Kuna sehemu nyingine utatembea juu ya mawe hadi mwambani bila kulowa magoti. Mwulize mwenyeji swali hili kwa maneno haya haya: "Maji yakipwa, naweza kuogelea mbele ya nyumba yako?" Akisita, hakikisha kuna bwawa. Angalia pia mwezi kabla ya kulipa, kama wavuvi wanavyofanya. Wiki ya maji mafu ni bora kwa watoto.

Bamvua nayo ina raha yake. Maji yakitoka, tembea na kijana mwenyeji anayejua njia, vaa viatu vya mpira kwa sababu kuna wadudu weusi wa miiba mirefu kwenye mawe, na utaona samaki wa rangi, viti vya pweza na majongoo ya bahari kwenye madimbwi. Usikanyage matumbawe hai wala usichukue kitu.

Miezi ipi ni mizuri, na inabadilisha nini kuhusu mahali?

Desemba hadi Machi ni majira ya upepo wa kaskazi: bahari imetulia, maji ni maangavu, joto ni kali. Upepo wa kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba hivi. Masika hunyesha kati ya Aprili na Juni, Mei ikiwa ndiyo yenye mvua nyingi. Julai na Agosti hewa hupoa na upepo ni mwingi. Wakati wa kusi bahari hutupa mwani ufuoni, mahali pengine hurundikana hadi magotini. Si uchafu, kasa na kaa wanauhitaji, ila mtu aliyelipia picha ya mchanga mweupe hushtuka. Ukija miezi hiyo, omba picha za wiki hii. Za Januari hazitakusaidia.

Tangazo linasema "dakika tano hadi ufuoni". Niamini?

Uliza ni dakika tano kwa nini: kwa miguu, kwa tuktuk, au kwa kupita uani kwa jirani. Nyumba za safu ya kwanza zinagusa mchanga. Za safu ya pili ziko ng'ambo ya barabara, na kufika baharini kunategemea kama kuna njia ya umma karibu. Mahali pengine hoteli na majumba yamejengwa bega kwa bega, na njia ya karibu iko mbali kiasi kwamba dakika tano huwa ishirini juani. Mwambie mwenyeji akutumie lokesheni kwa WhatsApp, kisha mwulize jina la stegi ya matatu iliyo karibu na jina la njia ya kuteremkia ufuoni. Anayeishi hapo atajibu papo hapo.

Na jambo hili lijulikane na kila mtu: ufuo si wa hoteli. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu ardhi yote iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa kuwa ardhi ya umma. Hoteli inaweza kukuzuia kupita kwenye bustani yake au kulalia viti vyake. Haiwezi kukufukuza mchangani. Kwa hivyo mtu aliyelala gesti ya bei ndogo Bamburi anaogelea bahari ile ile ya mtu wa hoteli ya kifahari, kwa haki ile ile. Kama pesa ni chache, zile utakazookoa kwenye chumba uzitumie kwa chakula na mashua.

Hoteli au nyumba ya kukodi?

Kwa watu wawili wanaotaka kupumzika, hoteli. Kwa familia kubwa au marafiki wanaopika, nyumba, na utaokoa pesa nyingi. Lakini nyumba ina maswali yake, na la kwanza ni maji.

Mombasa ina shida ya maji ya mfereji kwa miaka mingi. Maji ya mji hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, na hayatoshi. Nyumba nyingi zimechimba kisima, na maji ya kisima karibu na bahari huwa ya chumvi. Utajipaka sabuni haitoi povu, utasuuza nywele zibaki ngumu, chai itakuwa na ladha usiyoielewa. Hayatakudhuru kuoga, ila ukikaa wiki nzima utachoka. Muulize mwenyeji: "Bombani kuna maji matamu au ya chumvi? Tangi ni la lita ngapi? Likiisha, nani anaita gari la maji na nani analipa?" Mwenyeji mzuri atakuambia bila kuzunguka, kwamba mfano bafuni ni ya chumvi na jikoni kuna mtungi wa maji matamu. Jibu kama hilo ni la kuaminika kuliko "kila kitu kipo".

La pili ni stima. Nyumba nyingi hutumia tokeni, na eyasii, yaani kiyoyozi, ikiwaka usiku kucha tokeni huisha haraka. Mkubaliane mapema kama tokeni zimo kwenye bei. La tatu ni jiko: gesi imejaa? Sufuria kubwa ipo? Mbuzi ya kukunia nazi ipo? Hii ya mwisho wengine wataiona ndogo, lakini ukitaka kupika wali wa nazi na samaki uliyemnunua ufuoni asubuhi, utaikumbuka.

Nitajuaje kama mwenye nyumba si tapeli?

Matapeli huiba picha za nyumba za watu, huweka bei ya chini kuliko mtaa wote, kisha hukuharakisha: kuna mteja mwingine, tuma sasa. Desemba ndipo wanapovuna. Watu hufika na watoto usiku, getini mlinzi anawaambia nyumba hiyo haikodishwi wala hajawahi kumsikia huyo mtu.

Omba akupigie simu ya video akiwa pale. Aanzie getini, apite mlangoni, afungue bomba, awashe taa, atoke roshani akuonyeshe bahari. Mwenye nyumba wa kweli ataona ni jambo la kawaida. Kabla hujathibitisha malipo, M-Pesa hukuonyesha jina la anayepokea. Likiwa tofauti na jina alilokupa, simama. Toa amana ndogo, iliyobaki ulipe ukishaingia ndani. Kama una ndugu au rafiki Mombasa, hata wa mbali, mwombe apite akatazame. Sisi huku tunapitiana nyumba za watu kila siku, hatutaona ni usumbufu.

Eyasii ni lazima?

Januari hadi Machi, kwa mtu wa Limuru au Eldoret, ndiyo. Joto la usiku huwa na unyevu na halikatiki. Julai na Agosti feni inatosha, na chumba chenye madirisha pande mbili ni kizuri kuliko eyasii. Ghorofa ya mwisho chini ya saruji huhifadhi joto la mchana mpaka usiku wa manane. Paa la makuti hupoa upesi. Neti iwe nzima, ifike chini, isiwe na tundu. Malaria iko Pwani, kwa hivyo zungumza na daktari kabla ya safari, hasa kwa watoto na wajawazito.

Tunakuja na wazee na watoto wadogo.

Chumba cha chini, ngazi chache, hospitali karibu. Nyali inashinda zote hapo. Kama ni fleti ya ghorofa, uliza lifti inaendeshwa na nini stima ikikatika, maana bibi hatapanda ghorofa sita gizani. Bwawa lisilo na uzio na mtoto wa miaka mitatu havikai nyumba moja, na katika hili sina njia ya katikati: tafuta nyumba nyingine.

Ramadhani je?

Njooni. Hoteli za ufuoni huendelea kama kawaida. Mji wa Kale na mitaa mingi ya kisiwani mikahawa hufungwa mchana, basi anayelala huko asiyefunga ale kwa faragha. Jioni mji hufufuka: kaimati, viazi karai, mkate wa sinia, tambi, na watu hutembeleana hadi usiku. Idd ikikaribia vyumba hujaa ghafla, kwa hivyo usingoje kuandama kwa mwezi ndipo utafute.

Bei hizi mbona hazieleweki?

Chumba kimoja kinaweza kuwa na bei ya mkazi na bei ya mgeni wa nje. Mkenya na anayeishi nchini kwa kibali aseme mapema na aje na kitambulisho. Uliza kama bei imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, kwani bili ikija bila hizo kutajwa huuma. Wiki mbili za mwisho wa Desemba, Pasaka na Agosti ni ghali, Mei na Juni mapema ni rahisi kabisa na wenyeji hukubali kupunguza ukikaa siku nyingi.

Kifurushi chenye kila chakula huwafaa wasiotaka kutoka. Ukiwa kisiwani au Nyali, lipia chumba na chamshakinywa tu. Kujifungia hotelini jioni, wakati biriani na mishkaki ya mjini iko karibu, ni hasara.

Wale vijana wa ufuoni watanisumbua?

Watakufuata, ndiyo. Wanauza safari za mashua, shanga, vitenge, na hiyo ndiyo riziki yao. Jibu kwa upole na kwa uwazi: "Asante ndugu yangu, leo hapana." Usiseme "kesho" kama hukusudii, kwa sababu kesho atakuja, na ana haki ya kuja. Ukitaka mashua, kubalianeni bei, muda na idadi ya watu kabla hujapanda, na ulipe mkirudi.

Nina siku tano. Nigawanye?

Gawanya, lakini kwa mwelekeo mmoja. Mfano, lala Mji wa Kale siku mbili za mwanzo, kisha vuka kusini ukae tatu za mwisho Diani. Au anza kisiwani umalizie Shanzu. Kaskazini na kusini katika siku tano ni kuishi barabarani.

Nataka kisiwa kidogo hasa, kisicho na magari.

Basi nenda Wasini. Kiko kusini kabisa, karibu na mpaka wa Tanzania. Unafika Shimoni kwa gari kisha unavuka kwa mashua. Hakuna gari hata moja, ni kijiji cha Waswahili na wavuvi, na kina mama wa hapo wamejenga njia ya mbao inayopita juu ya bustani ya matumbawe ya kale na mikoko. Mbele yake iko hifadhi ya Kisite-Mpunguti, ambako pomboo huonekana mara nyingi. Malazi ni machache na ni ya kawaida, maji matamu ni adimu, kwa hivyo oga kwa ndoo na usiache bomba likitiririka. Vaa nguo za heshima kijijini, chukua pesa taslimu, na ukienda miezi ya kusi vuka asubuhi kabla upepo haujachachamaa.